Mapigo mawili: barua kwa mwanangu

Bukoba, Novemba

Mwanangu mpenzi,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku tu wazima. Mvua zinanyesha na senene wameanza kuanguka. Mama yako mdogo anakusalimu sana.

Ujumbe wako wa Jumapili usiku nimeusoma mara tatu. Unasema mkataba wako wa kazi unaisha Desemba na mpaka sasa hakuna aliyekuambia lolote. Unasema ukipiga magoti unasikia kodi ya nyumba na mkopo tu. Halafu ukaniuliza: "Mama, wewe husema Mungu amekusemesha. Mimi nikinyamaza najisikia mwenyewe. Nitajuaje kwamba ni Yeye?" Nimeona nisikujibu kwa simu, maana jambo lenyewe nilifundishwa leba, usiku, kabla sijalielewa kanisani.

Unakikumbuka kile kipembe changu cha mbao cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, ambacho ulikuwa ukikipuliza kama tarumbeta? Ule mdomo mpana unaukandamiza kwenye tumbo la mama, pale ulipolala mgongo wa mtoto. Sikio unaliweka ncha ya pili, kisha unakiachia kabisa, kwa sababu vidole vikikigusa vinaleta mkwaruzo na husikii kitu. Wakati huo kitanda cha pili mtu analia kwa uchungu, ndoo inaburutwa, muuguzi mwenzako anakuita. Nawe umeinama, umebana pumzi, unatafuta kitu kidogo kama saa iliyofungwa ndani ya mto. Ukikipata unahesabu dakika nzima. Huwezi kuhesabu mapigo ya nusu saa iliyopita, wala ya nusu saa ijayo.

Tena kuna mkono mmoja hauko kwenye tumbo. Huo umeshika kifundo cha mkono wa mama, unasikilizia mapigo yake. Tulifundishwa hivyo kwa sababu tumbo lina sauti mbili. Moyo wa mtoto hupiga kati ya 110 na 160 kwa dakika, wa mama aliyetulia 60 hadi 100, lakini mama akiwa na homa au hofu, moyo wake unakimbia mpaka unafanana na wa mtoto. Usipomshika mkono utadanganyika.

Nami nilidanganyika. Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini, zamu ya usiku, mama mmoja ana homa kali. Nilisikiliza, nikahesabu 124, nikaandika kwenye kadi, nikaenda kwa mwingine. Sikumshika mkono. Nilikuwa nimechoka na kichwa changu kilikuwa nyumbani, nawaza habari ya baba yako aliyekuwa mgonjwa. Mkunga mkuu alipopita aliinama, akashika mkono wa yule mama, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniita kwa sauti ya chini kabisa. Ile 124 ilikuwa damu ya mama mwenyewe, inavuma kwenye mji wa mimba. Mtoto alikuwa kwenye 80 na anazidi kushuka. Tulikimbia naye. Mtoto alilia, ashukuriwe Mungu, lakini alilia baada ya muda ambao mpaka leo sipendi kuukumbuka.

Kwa hiyo mwanangu, ukiniuliza utajuaje kuwa si mawazo yako, nakuambia shika mkono wako kwanza. Jua moyo wako unapigaje leo. Mwambie Mungu kwa maneno, na kwa sauti kama uko peke yako: naogopa kufukuzwa, namwonea wivu fulani, sijalala vizuri, natamani sana jibu liwe ndiyo. Usiyafukuze mawazo hayo kama kuku waliopanda barazani. Yahesabu. Ukishayajua mapigo yako, kitu kingine kikipiga humo ndani utakitambua kwa kuwa hakikimbii pamoja na yako.

Wala usione aibu kuchanganya. Samweli alikuwa analala hekaluni, karibu na sanduku la Mungu, na bado alipoitwa alimkimbilia Eli mara tatu. Sauti ilifanana na ya mzee anayeishi naye. Hakuna aliyemkemea. Aliambiwa tu arudi akalale, na akiitwa tena aseme, "Nena, BWANA, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Na uangalie aliambiwa nini: habari nzito juu ya nyumba ya Eli, mtu aliyemlea. Asubuhi aliogopa kuisema. Mimi hunisaidia sana hilo. Sauti inayoniambia kila mara nilichotaka kusikia, naishika mkono tena.

Na Eliya. Watu wanapenda kuhubiri upepo, tetemeko na moto, na kwamba Bwana hakuwamo humo, kisha ikaja "sauti ndogo, ya utulivu". Ni kweli. Lakini soma kilichotangulia. Alikuwa amekimbia, amechoka, ameomba afe. Malaika hakumpa maono. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. (Nawe kula, tafadhali. Chai na mandazi si chakula cha usiku.) Halafu huko mlima Horebu akaulizwa swali moja, mara mbili: "Unafanya nini hapa, Eliya?" Hapa. Yeye alikuwa anawaza aliko Yezebeli, malkia aliyetaka kumwua, na kesho itakuwaje, anaulizwa habari ya mahali aliposimama. Hata Adamu aliitwa hivyo: "Uko wapi?"

Nikueleze moja ambalo sijawahi kukuambia. Ulipochaguliwa kwenda sekondari, mshahara ulichelewa na ada haikuwepo. Baba yako alikuwa ameshatangulia. Nilifunga siku tatu, namuuliza Mungu nifanyeje. Siku ya tatu jioni nafua barazani, nikashika kipande cha sabuni, na neno likatua moyoni, wazi kabisa: rudisha. Ilikuwa sabuni ya wodi. Nilikuwa nimechukua miche miwili, nikijiambia kuwa wanatudai jasho letu bila malipo. Nililia pale pale kwenye beseni. Nilikuwa nimeuliza habari ya mwaka mzima na nimejibiwa habari ya kilichokuwa mkononi mwangu saa ile. Kesho yake nilinunua miche miwili kwa pesa ya mboga, nikaenda kwa msimamizi wa zamu nikamwambia ukweli. Ada ilipatikana wiki mbili baadaye, kwa njia ya kawaida tu: mama yako mdogo aliuza kahawa yake mapema. Lakini kitu ninachokikumbuka ni usingizi niliolala usiku ule.

Ndivyo nilivyomzoea tangu hapo. Mara nyingi hunisemesha jambo dogo la leo: nenda kamwone yule, nyamaza, omba radhi. Tukiomba tunasema "Utupe leo riziki yetu," na mana jangwani ilikuwa hivyo hivyo, aliyeilaza hadi asubuhi aliikuta ina mabuu. Usinielewe kwamba usipange. Siku ya sita waliruhusiwa kuokota mara mbili, na Yusufu aliweka akiba ya nafaka miaka saba. Yesu alisema "msisumbukie ya kesho". Tuma maombi ya kazi, mwanangu, hesabu akiba yako, zungumza na mwenye nyumba mapema. Hiyo ni kazi ya leo. Kusumbuka ni kukaa saa saba usiku ukijibishana na bosi ambaye amelala kwake.

Bibi yako alikuwa mtu wa uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda ukaingia huku kwetu. Wale ndugu walikuwa na desturi moja naitamani irudi kwa nguvu. Mtu akisema Bwana amemwambia jambo, alilileta nuruni, mbele ya ndugu, akalisema wazi, nao wakalipima kwa Neno na kwa mwenendo wake. Akina mama walikaa kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, wanatafuna kahawa, hawana haraka. Jambo la hofu au la kujipendelea lilikuwa linajionyesha lenyewe mbele za watu wanaokupenda. Tafuta watu wawili watatu huko Dar, si lazima wawe na vyeo kanisani. Usipime peke yako, mkunga mmoja anaweza kuchoka.

Asubuhi, kabla ya kuwasha simu, kaa. Dakika tano zinatosha kuanzia. Usipomsikia, usilazimishe. Mimi nimepitisha miezi sikusikia lolote, nikiendelea na kazi iliyo mbele yangu, na ninaamini alikuwepo. Kipembe kikiwa kimya si kila mara mtoto ana shida. Pengine mtoto amegeuka, unakisogeza kidogo, unainama tena.

Sasa naacha kuandika, mama yako mdogo amekaa na sinia analalamika namwachia kazi. Tunanyonyoa senene, mbawa na miguu, mmoja mmoja. Wako nimeshawakaanga debe dogo, nitampa kondakta wa basi la Ijumaa. Ukiwapokea nipigie, uniambie umelalaje.

Mama yako