Gugu karoti, mwarobaini na kunguru: maswali ya wanaorekodi viumbe kwa simu

Nimepandisha picha nyingi iNaturalist (programu ya kurekodi viumbe kwa picha), karibu zote zimebaki "mmea" tu. Kwa nini? (Morogoro)

Huenda umepiga kichaka kutoka mbali. Mtambuzi, yaani mtumiaji mwenzako anayetaja jina la kiumbe, anahitaji picha kadhaa za mmea uleule katika rekodi moja: mmea mzima, ua kwa karibu, jani juu na chini, na pale jani linaposhikana na shina. Hapo pa mwisho ndipo wengi huparuka, na mara nyingi ndipo penye jibu: majani yamekaa mawili mawili yakielekeana, au yanapishana? Simu ikikazania majani ya nyuma, weka daftari nyuma ya ua.

Picha uliyopokea kwa WhatsApp usiipandishe. Tarehe na mahali hufutika njiani, na rekodi isiyo na hivyo viwili haifiki daraja la utafiti (rekodi iliyothibitishwa, inayofaa kwa wanasayansi) hata watambuzi wawili wakikubaliana. Mwenzako aitume kama dokumenti.

Gugu karoti na pakanga navitofautishaje? (Arusha)

Tazama maua. Ya pakanga ni ya manjano, yameinama. Ya gugu karoti ni meupe, madogo kuliko punje ya mchele, yamesimama. Ukikuza picha utaona vijipembe vitano ukingoni. Shina lake lina mistari iliyotuna kwa urefu. Likiwa changa majani hulala chini kwa duara, na huo ndio wakati wa kulirekodi na kuling'oa, maana mmea mmoja uliokomaa huweza kumwaga mbegu zaidi ya 10,000. Vaa glovu: linawasha ngozi, na chavua yake hubana kifua.

Mwarobaini wa uani niurekodi? (Tanga)

Rekodi, ila uwekee alama kwamba umepandwa. Mche uliojiotea chini ya waya za umeme, ndege wanakodondosha mbegu, huo ni wa porini hata kama uko katikati ya mji. Ndio wenye habari zaidi, kwa kuwa mti huu umetoka Bara Hindi na mche huo unaonyesha kwamba unajisambaza wenyewe.

Kunguru wetu ni yupi? (Dar es Salaam)

Shingo ya kijivu: wa Kihindi, mgeni. Kifua cheupe: mwenyeji.

Nimeona msandali. Niweke mahali halisi? (Laikipia)

Usiweke wazi: mti huu hukatwa kwa magendo, na wakataji nao wana simu. Chagua kuficha mahali: ramani itaonyesha nukta ya kubahatisha ndani ya eneo la kama kilomita 22 kwa 22. Futa pia jina la kijiji kwenye maelezo.