Mleta mada, msiweke tofali kwenye kiwanja cha mdomo

Simamisha fundi. Leo, si kesho.

Dada mleta mada, nimeusoma uzi wako mpaka mwisho. Umeuliza mwenyekiti wa kikundi chenu cha kinamama apatikaneje, msajili kikundi au NGO (shirika lisilo la kiserikali), andiko la kuomba fedha kwa mfadhili liandikweje, na kama mkopo wa halmashauri ya wilaya unaweza kujenga kituo cha watoto. Halafu katikati ya maswali ukapitisha maneno haya kama habari njema ya kawaida: kiwanja mmepewa bure na mzee wa kijijini, na kinamama wameshaanza kufyatua matofali. Wachangiaji wote waliotangulia wamekupongeza. Mimi siwezi kukupongeza, maana najua hicho kiwanja kinakoelekea.

Kikundi chetu kiko wilaya ya Mkuranga, mkoa wa Pwani. Kilianza kama vikundi vingi vya kinamama, kwa kufa na kuzikana. Tukanunua turubai, viti na masufuria ya shughuli, tukawa tunakodisha. Fedha ile ikasaidia wajane, ikanunua sare za watoto ambao wazazi wao wameshindwa. Kilichotuingiza kwenye ujenzi ni watoto wadogo. Msimu wa kulima mama anakwenda shamba na kichanga mgongoni, yule wa miaka mitatu anaachiwa dada yake ambaye naye alipaswa kuwa darasani. Tukasema tujenge chekechea.

Mzee mmoja akatupa eneo. Alitoa kwa moyo mweupe, na hilo simruhusu mtu kulibisha. Alisimama kwenye kikao chetu, mjumbe yupo, akasema kuanzia mkorosho ule hadi njiani ni mali ya kinamama. Mikorosho iliyokuwemo akasema itabaki yake mpaka afe. Hapakuwa na aliyeshtuka. Kwetu Pwani mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti, ni jambo tumekua nalo.

Katibu wetu, mama makini sana, akasema tuandikishane. Aliyemnyamazisha si mwanakijiji. Ni yule mtaalamu wa miradi aliyekuja kutusaidia kuandika andiko. Akatuambia kumwandikisha mzee ni kumvunjia heshima, kijijini neno la mzee ndiyo hati, tuchukue barua ya mtendaji inatosha. Barua hiyo ninayo hadi leo. Ina muhuri na saini, na inasema ofisi inatambua kwamba kikundi kina eneo la kujenga kituo. Basi. Haisemi eneo lina ukubwa gani. Haitaji mipaka. Haitaji jina la aliyetoa. Haitaji kikao chochote kilichokaa na kukubali. Ukiisoma taratibu unaona haijasema kitu.

Na yule bwana alijua. Hili ndilo linaloniumiza kila nikilikumbuka. Hakuwa mjinga, alikuwa amesoma na amezunguka vijiji vingi. Lakini mfadhili alikuwa anafunga mwaka wake wa fedha, andiko lilihitaji kiambatanisho cha uthibitisho wa eneo, na malipo yake yalitegemea andiko lipite. Barua ya mistari michache ilimtosha yeye. Alipolipwa akaondoka, simu ikawa haipokelewi. Wanaotaka kuja hapa kuniambia nina chuki na wataalamu waniache nimalize kwanza.

Tukajenga. Saruji, nondo na bati zilitoka kwa mfadhili, mchanga na maji ni migongo yetu. Kila asubuhi kabla ya kwenda shamba kila mama alileta ndoo yake ya maji kwa fundi. Watoto wakaingia, wakawa wanakunywa uji pale. Na kila msimu wa korosho watoto wa mzee walikuja kuokota korosho zao pembeni ya darasa, tunasalimiana vizuri, tunawapa uji.

Mzee akafariki. Arobaini ilipopita, Mahakama ya Mwanzo ikamteua mmoja wa watoto kuwa msimamizi wa mirathi, na kwenye orodha ya mali akaandika shamba lenye mikorosho. Darasa halikutajwa hata kwa neno moja. Wakati huo bei za ardhi zilishapanda, mnunuzi kutoka mjini alikuwa tayari. Zile korosho walizookota kila mwaka mbele ya macho yetu ndizo zikawa ushahidi kwamba eneo halijawahi kutoka mikononi mwa familia.

Tukaenda baraza la ardhi la kijiji. Lina wajumbe 7, na sheria inataka 3 wawe wanawake. Walitusikiliza kwa heshima, lakini kazi ya baraza lile ni kusuluhisha, na wenzetu hawakutaka suluhu. Mmoja wa warithi akasimama akatuambia sisi wengi tumekuja pale kwa ndoa, hatuna ardhi kijijini kwao. Alilisema mbele ya waume zetu. Tukapanda hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko wakili wao akauliza swali moja tu: hiki kikundi ni nani kisheria? Tulikuwa na katiba kwenye daftari na muhuri wa kuchongesha. Hatukuwa tumesajiliwa popote. Tukarudi kuafikiana nje: bati, mbao za kenchi, milango na madirisha tuchukue, kuta zibaki.

Kinamama walikusanyika kuteremsha bati wenyewe. Waliokuwa chini walikuwa wananyoosha misumari juu ya jiwe na kuirudisha kwenye kopo, kwa sababu misumari ya bati inauzwa kwa kilo na hatukuwa na kilo nyingine. Bati lililokwishatobolewa ukiliezeka tena linavuja, lakini tulibeba lote.

Kuna hasara nyingine, na kwangu hii ndiyo kubwa. Mjane wa yule mzee alikuwa mwanachama wetu, tena wa tangu enzi za turubai. Watoto wake walimwambia achague. Hajarudi kikaoni, na hatumlaumu. Laiti siku ile tungemwita akaweka dole gumba lake pamoja na mumewe na watoto wao wakubwa, asingewekwa katikati namna hiyo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na sitaibadilisha kwa ajili ya mfadhili yeyote: hakuna tofali kabla kiwanja hakijawa cha kikundi kwa maandishi.

Mfuateni mzee angali hai, na msiende kama wadai. Mwambieni mnataka wajukuu zake wajue ni yeye aliyetoa. Mzee mkweli hilo humfurahisha, na akikasirika mmejua mapema. Siku hiyo wawepo mke au wake zake, watoto wakubwa na majirani wa pande zote, na wote waweke saini. Kama kuna mikorosho, minazi au miembe, andikeni mti kwa mti ni ya nani na hadi lini, au mlipe fidia muimalize.

Kisha kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inataka halmashauri ya kijiji ijulishwe na iridhie mtu anapohamisha haki yake ya ardhi. Mtendaji peke yake si halmashauri ya kijiji. Mnachotaka mikononi ni nakala ya muhtasari wa kikao, wenye mahudhurio, unaotaja ukubwa na mipaka ya eneo. Ikiwa ardhi inatolewa na kijiji chenyewe, mkutano mkuu wa kijiji lazima uwe umekubali kwanza. Baada ya hapo mwombe hati ya hakimiliki ya kimila, na kikundi kinaruhusiwa kuiomba. Mtu akiwatania kwamba ardhi si mambo ya kinamama, sheria hiyo hiyo inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Isomeni kwa sauti kikaoni ikibidi.

Hati iwe kwa jina la kikundi, isiwe kwa jina la mwenyekiti hata mkimpenda vipi. Mwenyekiti naye ana watoto, naye atarithiwa. Na ili jina la kikundi lisimame, sajilini. Hapo nimelijibu swali lako moja: cheti cha NGO chini ya Sheria Na. 24 ya 2002 kinaipa taasisi uwezo wa kumiliki mali kwa jina lake, au muwe na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Mnaweza kuanzia ngazi ya wilaya, hamna sababu ya kukimbilia ya taifa. Jina liwe lile lile, herufi kwa herufi, kwenye cheti, muhtasari na hati.

Mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambao asilimia 4 kati ya hizo 10 ni ya wanawake, hauna riba lakini unarejeshwa, na chekechea haizalishi marejesho. Uacheni kwa mradi wa biashara. Kuhusu mwenyekiti sina wasiwasi nanyi. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed aliwaingiza kinamama wa Dar es Salaam kwenye TANU, chama kilichodai uhuru, kupitia vikundi vya ngoma, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi wao wanaosikilizwa. Nanyi mnamjua anayesikilizwa. Andiko la mfadhili liache kabisa kwa sasa. Akisema fedha itarudi msipoanza mwezi huu, irudi.

Matofali mliyokwishafyatua endeleeni kuyamwagilia maji na kuyafunika, hayaozi. Kisha nijibu hapa hapa: mzee ana wake wangapi, watoto wake wakubwa wako wapi, na mkutano mkuu wa kijiji chenu unaofuata ni lini? Mkiandika rasimu ya makubaliano futa majina uiweke kwenye uzi, nitaipitia mstari kwa mstari.