Jeti-skii ya kabureta katika Ziwa Kivu

SWALI: Bwana Mhariri, nilinunua Uvira jeti-skii ya miaka ya 1990, yenye injini ya mipigo miwili na kabureta mbili. Kule Tanganyika ilikimbia vizuri, lakini tangu niilete Goma inatoa moshi, inalowesha plagi na imepungua nguvu. Fundi ananishauri niiuze, nitafute yenye injeksheni, yaani inayopuliziwa petroli kwa pampu badala ya kabureta. Je, nimsikilize?
Msomaji, Goma

JIBU: Ndugu msomaji, kwa sababu hiyo pekee usiiuze. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali Kivu liko karibu mita 1,460. Hewa ya huku ni nyepesi zaidi, na kabureta, isiyo na namna ya kulitambua hilo, hupitisha petroli nyingi kuliko hewa iliyopo inavyoweza kuunguza. Dawa yake ni jeti kuu, yaani kile kipande cha kabureta chenye tundu la kupimia petroli, yenye tundu dogo kidogo, inayobadilishwa hatua kwa hatua huku rangi ya plagi ikikaguliwa. Ukiirudisha Uvira, rudisha pia jeti za zamani, kwa maana petroli ikiwa haba pistoni hupata joto kupita kiasi na kukwama.

Fundi wako hajakosea kuisifu injeksheni. Yenye kitambuzi cha mkandamizo wa hewa hujipunguzia petroli yenyewe, na ile ya moja kwa moja, kama ya jeti-skii ya Sea-Doo GTX DI ya mwaka 2000, huipuliza ndani ya silinda, wakati katika injini ya kabureta robo hivi ya petroli yaweza kutoroka na moshi bila kuungua. Ukiikodisha kila siku, akiba hiyo si ndogo. Hata hivyo, injeksheni ya umri huo hutaka betri nzima, pampu ya shinikizo na kompyuta ya kuisoma, na sijui ni karakana gani ya hapa utakayoikabidhi kwa moyo mkunjufu. Tena, nguvu iliyopotea kwa uhaba wa hewa haitairudisha.

Kabla ya kugusa jeti, fungueni kabureta. Moshi ukizidi injini ikiwa katika mwendo wa chini, kagueni sindano inayofunga petroli isizidi ndani ya kabureta na kikalio chake, pamoja na marekebisho ya pampu ya oili. Ikiwa ni Sea-Doo, mipira ya kijivu ya kupitishia petroli ya miaka hiyo huoza kwa ndani na kuziba vichujio vidogo vya kabureta. Ukiweka jeti ndogo ilhali kichujio kimeziba, utaua pistoni hapahapa Goma.