Kabla hujanunua maiki, kisikilize chumba chako

Nilipoanza kurekodi nyumbani nilikuwa na chumba kimoja Tandika, Dar es Salaam, laptopu iliyokwishatumika na mtu na hamu kubwa. Nikajinyima miezi minne, nikashuka Kariakoo kununua maiki ya kondensa, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikiiona kwenye video za maprodusa wote. Jioni ile ile nikamwita dada yangu aje aimbe. Anaimba kwaya tangu mdogo, sauti yake imekomaa.

Tukarekodi ubeti mmoja. Nilipovaa hedifoni nikamsikia dada, nikasikia feni, bodaboda ikipita nje, na kitu kingine kikilia tik... tik... tik. Tukazima feni, tukafunga dirisha, tukangoja bodaboda ziishe. Kile kitu bado kinalia. Dada ndiye aliyeinua macho akasema, "Kaka, si bati hilo?" Ni kweli lilikuwa bati. Jua limezama, bati linapoa na kusinyaa, na maiki inalisikia kana kwamba limewekwa mbele yake.

Maiki ile haikuwa mbovu. Ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa: kondensa ina masikio makali, imetengenezwa kwa chumba kilichotulia. Ndiyo maana nikiulizwa siku hizi ninunue maiki gani, nami nauliza: unalala wapi? Kaa chumbani kwako saa ile unayotarajia kurekodi, nyamaza dakika tano, uandike kila unachosikia. Kisha piga kofi moja. Likikurudia kwa mlio wa debe tupu, chumba kina mwangwi, na kondensa itaubeba wote.

Kwa nyumba zetu nyingi za bati na kuta za simenti, mimi nashauri maiki ya dainamiki. Shure SM58 ipo sokoni tangu 1966 na bado inaaminika jukwaani na studio. Unaiimbia kwa karibu, vidole vitatu au vinne kutoka mdomoni, na kelele za mbali zinabaki mbali. Ila kuwa macho, bandia zake ni nyingi mno. Halisi ina uzito wa gramu 298 hivi. Ukiishika ikawa nyepesi kama plastiki, irudishe hapo hapo kabla hujatoa hela. Kama una chumba tulivu kweli, basi Audio-Technica AT2020 ni kondensa nzuri ya kuanzia.

Maiki hizo haziingii kwenye tundu la hedifoni la laptopu. Utaona waya wa kuunganisha huko unauzwa, na mimi niliununua. Sauti ilitoka ndogo, na nyuma yake mvumo kama mvua ya mbali. Unahitaji kadi ya sauti ya nje, ile inayochomekwa USB, yenye tundu la XLR, lile la duara la waya wa maiki, na kitufe cha volti 48. Volti hizo ni chakula cha kondensa, dainamiki haizihitaji. Dainamiki inachohitaji ni geini, yaani nguvu ya kukuza sauti, ya kutosha, maana sauti yake hutoka ndogo, na kadi dhaifu ukiifungulia hadi mwisho huanza kuvuma. Focusrite Scarlett Solo inamtosha mtu mmoja, hata akiimba huku gitaa lake la umeme limechomekwa. Mkitaka maiki mbili kwa pamoja, chukueni ndugu yake, Scarlett 2i2.

Hedifoni ziwe za kufunika sikio lote, zilizozibwa nyuma. Zisizozibwa zinavujisha biti, yaani mdundo wa wimbo, maiki inaidaka, na hutaitoa tena kwenye sauti ya mwimbaji. Spika za studio zisubiri. Chumba kisichotulizwa kitakudanganya kwenye besi hata kwa spika ya bei mbaya.

Laptopu yako pengine inatosha. RAM ya GB 8 na diski ya SSD zinakutosha kuanza. Mwimbaji akilalamika kwamba anajisikia kwa kuchelewa, shusha bafa (kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukishughulikia, utaikuta kwenye mipangilio ya programu) hadi 128 wakati wa kurekodi, kisha ipandishe ukianza kuchanganya sauti. Ukisikia mlio wa umeme, chomoa chaja kwanza, rekodi kwa betri. Mara nyingi unaondoka. Programu ya kurekodi usiinunue mapema: Reaper inakupa siku 60 za kujaribu, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60. Audacity ni ya bure kabisa. Kwenye mipangilio ya programu chagua ubora wa biti 24, na sauti ikipanda juu kabisa iishie karibu na desibeli -10 kwenye kipimo chake, isiguse nyekundu.

Hela itakayobaki itumie kwenye chumba. Mimi nilisimamisha godoro nyuma ya mwimbaji, kwa sababu maiki inatazama huko, nikatundika mablanketi mawili mazito pembeni. Katoni za mayai nilizibandika mwanzoni. Hazizuii kelele za nje, na mwangwi zinaupunguza kidogo sana. Kichujio cha pumzi nilikitengeneza kwa waya wa henga na soksi ndefu ya nailoni, na hadi leo kinazuia "p" na "b" za dada zisipige maiki.

Tunarekodi kuanzia saa nne usiku. Saa hizo bati limeshapoa.