Maswali ya Wasomaji: Mkulima, Nyumba Yake na Utumishi wa Kanisa

SWALI: Mimi ni mkulima mwenye mke na watoto wanne, na kwa miaka mingi sasa ni mzee wa kanisa. Mbali na ibada ya Jumapili, ninaongoza kikundi cha maombi, ninahudhuria vikao vya baraza, na pakitokea msiba au ugonjwa mimi ndiye ninayetumwa. Mke wangu analalamika kwamba shamba limemwelemea yeye na watoto. Wenzangu kanisani wananiambia nimwige Elisha, aliyeliacha jembe mara tu alipoitwa. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, tuanze na huyo Elisha, maana naona ndiye anayetumiwa kukunyamazisha. Ni kweli kwamba Eliya alimkuta akilima na jozi kumi na mbili za ng'ombe mbele yake, na kwamba Elisha aliwachinja ng'ombe wa jozi yake, akaipika nyama yao kwa kuni za vyombo vya kulimia, akamfuata (1 Wafalme 19:19-21). Lakini habari hiyo inamtaja baba na mama aliotaka kuwaaga. Haimtaji mke wala watoto waliobaki na shamba mikononi. Anayekusomea Elisha na akusomee pia Amosi, aliyejitambulisha kuwa mchungaji na mtunza mikuyu (Amosi 7:14), na Paulo, aliyeshona mahema huko Korintho katika kipindi kile kile alichokuwa akihubiri (Matendo 18:3). Hata leo Waamishi, jamii ya Wakristo wa Amerika Kaskazini ambao kwa vizazi vingi wameishi kwa kilimo, huwapata wahudumu wao kwa kura miongoni mwa waumini wenyewe, na wahudumu hao hawalipwi mshahara bali huendelea na kazi zao.

Kuna sheria moja ambayo sijui kwa nini wahubiri huipita haraka. Katika Kumbukumbu la Torati 20:5-7, kabla jeshi halijatoka kwenda vitani, wasimamizi waliagizwa wamrudishe nyumbani aliyejenga nyumba na bado hajaizindua, aliyepanda mizabibu na bado hajala matunda yake, na aliyeposa na bado hajaoa. Ikiwa vita viliweza kumwachilia mkulima, sioni kikao cha baraza kisichoweza kuahirishwa hadi palizi iishe.

Na palizi, kama unavyojua kuliko mimi, haiahirishwi. Mazao ya nafaka huumizwa zaidi na magugu katika majuma ya mwanzo baada ya kuota, wakati miche bado ni mifupi na magugu yanagombania nayo maji, rutuba na mwanga. Miche iliyokwisha kudhoofika kwa namna hiyo, ikawa na majani ya manjano na mashina membamba, haiwezi kurudishiwa yote iliyopoteza hata shamba likisafishwa vizuri baadaye. Kwa hiyo siku chache unazozitoa kwa semina katikati ya kipindi hicho zinaweza kuonekana ghalani mwaka mzima, na atakayepima kila siku kilichobaki humo ni mkeo.

Hapo ndipo ninapotofautiana nawe kidogo, kwa sababu unayaita maneno yake malalamiko. Mimi nayasoma kama taarifa. Saa unazolipa kanisa zinatoka mahali fulani: zinatoka mgongoni mwake na katika muda wa masomo wa watoto wako, na waumini wanapokusifu kwa kujitoa wanasifu pia jasho la watu wasiotajwa. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unataka msimamizi wa kanisa awe anaisimamia vema nyumba yake mwenyewe (3:4-5), na kuhusu asiyewatunza walio wake unatumia maneno makali zaidi: ameikana imani (5:8).

Kaa na mkeo kabla hujakaa na baraza. Andikeni pamoja majuma ya kuandaa shamba, kupanda, palizi na mavuno, kisha upeleke orodha hiyo barazani mapema, msimu ukiwa bado haujaanza, ili vikao, semina na safari za mbali zipangwe baada ya mavuno. Ibada ya kila juma usiiguse. Kutoka 34:21 inaagiza pumziko la siku ya saba hata wakati wa kulima na wa kuvuna. Misiba haina ratiba, ndiyo maana unahitaji mwenzako mmoja au wawili wa kupokezana nawe. Musa alishauriwa na mkwewe Yethro agawe kazi (Kutoka 18), na mitume walipoona huduma ya mezani inawazidi walitaka wachaguliwe watu saba. Baraza likikataa, omba upunguziwe jukumu moja, na ningependekeza liwe kile kikundi cha maombi, kwa kuwa kukiongoza hakuhitaji mzee wa kanisa.

SWALI: Ninahubiri bila malipo. Waumini wamejitolea kunilimia siku ninazosafiri kwa huduma, ila wengine wanasema huo utakuwa mshahara. Je, nikubali?

JIBU: Kubali. Paulo anauliza ni nani apandaye mizabibu asile matunda yake (1 Wakorintho 9:7), na ingawa yeye mwenyewe hakuitumia haki hiyo kwa Wakorintho, hakumnyima mwingine. Msaada huo na ujulikane na baraza, uwe wa kazi na siku zilizotajwa, na usipokee mkono wa mtu ambaye shauri lake liko mbele yako kuamuliwa.