Kabla hujatii neno la Kiingereza, angalia mkia wake

Juzi binti mmoja wa fildi hapa kazini kanifuata na simu mkononi, uso umembadilika, ananiambia dada naomba nisomee hapa, huyu mgeni aliyeondoka Jumapili naona kama anatusema vibaya. Nikachukua simu nikasoma. Maoni yenyewe mafupi tu, mistari miwili, na katikati yake kuna neno "spruce". Nilivyoliona ikabidi nikae chini, maana mimi na hilo neno tunajuana mwaka wa tisa sasa, lilinigharimu hela na lilinigharimu usingizi, nikaona leo nilieleze lote hapa kwa ajili ya nyie mnaoanza kazi za hoteli, loji, ofisi za wageni, au mnaotafsiri barua za watu.

Wakati ule nlikuwa ndo kwanza nimemaliza cheti cha hoteli, nimepata kazi mapokezi kwenye loji moja ya ufukweni hapahapa Mwanza, sitaitaja. Mwenye loji alikuwa anaishi nje ya nchi, anakuja kama mara mbili kwa mwaka, mambo mengine yote ni kwa imeili. Wiki hiyo meneja alikuwa ameenda msibani Shinyanga kwa hiyo imeili zikawa zinaingia kwangu, na Jumanne jioni ikaja moja ya mstari mmoja: "Please spruce up the garden before the group arrives on Friday." Chini yake kaandika nichukue hela ya matumizi madogo isizidi laki moja.

Maneno mengine yote nlikuwa nayajua. Bustani najua, kundi la wageni najua, Ijumaa najua. Hilo moja tu ndo sijawahi kukutana nalo. Nkafungua programu ya tafsiri kwenye simu nkaliandika peke yake, likaja jibu kwamba ni mti, jamii moja na msonobari, majani membamba kama sindano, kijani mwaka mzima. Na naomba muelewe hapa, kosa halikuwa kwamba jibu lilikuwa la ajabu, kosa ni kwamba jibu lilikaa vizuri mno. Bustani na mti, nani atashtuka? Ingeniambia ni sufuria au ni ng'ombe ningerudi kusoma upya. Iliniambia mti, nikatulia, nikalala.

Jumatano asubuhi nkachukua bodaboda mpaka kwa wauza miche njia ya Buswelu, nikaulizia miti ya majani ya sindano wakanionyesha mipaina, nikanunua miche 40 kwa shilingi 1,500 mmoja, elfu sitini hiyo, nikalipa kirikuu elfu ishirini kunirudishia mzigo. Mzee wa bustani alinipokea getini, akaiangalia ile miche ndani ya viroba vyake vyeusi, mingine haifiki hata urefu wa kiganja, akaniuliza, "Mwanangu, wageni wanakuja lini?" Nikamwambia Ijumaa. Akanyamaza. Halafu akasema, "Hii mpaka ije ionekane mimi nitakuwa nimeshazikwa." Lakini mimi ndo nimesoma, mimi ndo nimeona imeili ya bosi, yeye hakuendelea kubishana, akachukua jembe. Mnaoijua ardhi ya Mwanza mnajua, ukichimba shimo mara unagonga jiwe, tulichimba siku mbili nzima mimi na yule mzee kwenye jua mpaka viganja vikachubuka.

Na muda wote huo nyasi zimefika kifundo cha mguu, bogenvilia imefunika nusu ya njia ya kwenda ziwani, na chini ya taa za varanda kuna marundo ya wale wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kutoka majini kama moshi, wakishaona taa wanajaa wanakufa hapohapo, asubuhi unakuta rundo jeusi na likipata unyevu linanuka kama samaki. Hakuna aliyefagia kwa sababu wote tulikuwa kwenye mashimo.

Wageni 14 wakafika Ijumaa saa tisa. Hawakuiona ile miche, ilikuwa imezama kwenye nyasi, mgeni mmoja aliukanyaga mche mmoja wakati anapiga picha ya machweo. Kiongozi wao akamtumia mwenye loji picha za bustani. Meneja aliporudi Jumamosi akanisomea ile imeili taratibu, akaniambia alikwambia uisafishe bustani, uipendezeshe, hakukwambia mti popote. Elfu themanini nikakatwa kwenye mshahara kwa miezi miwili, na miezi hiyo miwili mama yangu kule Magu nilimtumia nusu ya nilichozoea kumtumia. Hicho ndo kiliniuma kuliko kelele zote za bosi.

Sasa nisikilizeni. Kitu cha kwanza nlichopaswa kukiona ni kale kaneno kadogo nyuma yake, "up". Kwenye Kiingereza vineno hivyo vidogo ndo mkia wa neno, na mkia ndo unaokwambia huyu ni mnyama gani. Mgeni akikwambia "look up my booking" hajakwambia utazame juu, anataka utafute bukingi yake. Jikoni wakisema "we have run out of tilapia" hakuna sato aliyekimbia, sato wameisha. Ukikata mkia ukapeleka kichwa tu kwenye kamusi, kamusi haina kosa, itakupa maana ya kichwa.

Halafu angalia neno limekaa wapi. Baada ya "please" kinakuja kitendo, unaombwa ufanye kitu. Kama ni mti angesema panda kwanza, ndo mti ufuate. Sisi Kiswahili kinatuzoesha vibaya kwenye hili kwa sababu maneno yetu yanajitambulisha yenyewe, ukisikia safisha unajua ni kazi, usafi ni jambo, msafi ni mtu, neno limevaa sare yake. La Kiingereza linaweza kuwa kitu, kitendo na sifa bila kubadilisha hata herufi moja. Hapo lazima uangalie majirani zake.

Ingawa na sisi tunayo ya kwetu. Mwambie mgeni anayejifunza Kiswahili "jana nilipanda mti" halafu muulize kafikiria nini. Nilichimba shimo nikaweka mche, au nilikwea mpaka juu? Na bei nayo imepanda. Au paa, paa la nyumba, paa wa porini, ndege anapaa, na mama anapaa samaki magamba. Sisi hatuchanganyikiwi kwa sababu tunasikia sentensi nzima, hatusikii neno likiwa uchi. Basi na Kiingereza kifanyie hivyohivyo, iandike sentensi nzima kwenye programu yako, toka "please" mpaka nukta. Nilikuja kujaribu baadaye na ile imeili ileile, ikatoka sawasawa kabisa. Sekunde kumi tu.

Hilo neno nikalifuatilia kwa hasira, nikakuta limetoka Prusia, ile dola ya kando ya Bahari ya Baltiki. Waingereza wa karne ya 14 walikuwa wanaiita Pruce, na wengine wakawa wanatanguliza sauti ya s, Spruce. Vitu vilivyoletwa na meli toka huko vikabeba jina, mbao, makasha, ngozi, na mti wenyewe ukaja kuitwa hivyohivyo. Ile maana ya unadhifu inaaminika imetokana na ngozi, kwamba majaketi ya ngozi ya Prusia yalikuwa mazuri, aliyevaa anaonekana mtanashati, kufikia mwisho wa miaka ya 1500 mtu nadhifu akawa anaitwa spruce, na kujipendezesha ikawa kitendo chake. Kwa hiyo mti na usafi ni watoto wa nyumba moja. Na sisi watu wa Mwanza Prusia tunaishi nayo kila siku bila kujua, lile jiwe letu pale Kamanga linaloitwa Jiwe la Bismarck limebeba jina la waziri mkuu wa Prusia toka 1862, ambaye 1871 akawa kansela wa Ujerumani yote mpaka 1890. Jina limebaki toka enzi za utawala wa Wajerumani. Kila nikipita kupanda kivuko naliangalia lile jiwe nakumbuka elfu themanini yangu.

Na hata kama ningekuwa nimeagizwa mti, nilinunua mti ambao sio. Spruce ni miti ya baridi, Norway, Sweden, Urusi, Kanada, huko kwenye theluji. Ule mti mkubwa wa Krismasi ambao mji wa Oslo unaupeleka London kila mwaka toka 1947 ndo spruce. Uso wa mbele wa gitaa, ule ubao mweupe wenye tundu, mara nyingi ni spruce pia, kwa hiyo wana kwaya wengi mnaushika kila Jumapili. Huku kwetu tunachopanda kwa wingi ni mipaina, kama mashamba ya serikali ya Buhindi na ya Rubya kule Ukerewe. Ukitaka kuvitofautisha chuma jani. La spruce limeshika kwenye tawi moja moja, lina pembe nne, ukilisokota kwa vidole linazunguka. Ya mpaina yanatoka pamoja kwenye kishina kimoja kidogo, mawili, matatu au zaidi. Mipaina yangu mitatu ilipona kwenye ile loji, nlipita mwaka juzi kumsalimia mzee, nikachuma jani nikalifungua, sindano tatu zimefungwa pamoja chini kama ufagio mdogo.

Sasa ukiambiwa "spruce up" ufanye nini? Hili watu wengi bado wanakosea hata wakishajua sio mti, wanaenda kubomoa. Ni kazi nyepesi ya haraka, kitu kipo kizima kimechakaa sura tu, unakirudishia sura. Sio ukarabati, hutafuti fundi, hununui makochi mapya. Kwa laki moja ileile na siku mbili mimi saivi naanza na nyasi na kupogoa kila kinachoziba njia, maana mgeni anaingia kwa miguu, akikwamishwa na miba hapo getini umeshampoteza. Halafu nanunua chokaa, mawe ya pembeni ya njia tunayapaka meupe, Mwanza mawe hayanunuliwi. Vioo vya madirisha ya upande wa ziwa navifuta kwa maji ya sabuni na gazeti kwa sababu upepo wa ziwani unaleta vumbi na wale wadudu wanagandia hapo. Na taa za varanda, hii nimejifunza kwa kuteseka, zizime mapema zile za karibu na milango uache moja ya mbali na meza, wadudu waende huko, na asubuhi kabla ya saa kumi na mbili mtu awe ameshafagia, ukichelewa umande ukawaloweka hawafagiki tena, wanapakaa sakafuni. Hela inayobaki weka mito ya viti misafi. Basi.

Lakini kitu kinachoniuma mpaka leo sio neno, ni kwamba sikuuliza. Pale pale mapokezi kulikuwa na dada wa jikoni aliyefanya kazi na wageni miaka kumi, angeniambia kwa sekunde moja. Simu ya meneja nilikuwa nayo. Niliona aibu. Nilikuwa nimeajiriwa kwa sababu kwenye usaili nilisema Kiingereza najua, sasa nitaonekanaje nikiuliza neno moja? Hii aibu inakula hela za watu kwenye maofisi yetu kuliko hata wizi, mtu anaitikia "yes sir" hajaelewa, anaenda kufanya kitu kingine kabisa kwa bidii zote. Na yule mzee aliyeshika jembe, ambaye Kiingereza hakijui hata kidogo, alishaona pale getini kwamba hesabu haiendi, miche na Ijumaa haviendani. Aliniuliza swali ambalo ningelisikiliza ningeokoka. Mtu akikuuliza swali la namna hiyo simama, rudi kwenye imeili, isome tena.

Basi nirudi kwa yule binti. Mgeni alikuwa ameandika kwamba hiki ni "a spruce little place by the water". Hapo halina mkia, na halijakaa kama kitendo wala kama mti, limekaa mbele ya mahali, linasifia. Nikamuuliza wewe unaonaje, akasema simu imemwambia ni mti, akadhani tunaambiwa pamekuwa pori. Nikamwonyesha majirani wa neno, mmoja mmoja, akasoma tena, akasema kumbe anasema pasafi, panapendeza.

Hakunijibu zaidi. Alienda moja kwa moja uani kwa mama wa usafi, yule anayeamka saa kumi na moja kufagia wadudu, nikamsikia anamsomea yale maoni kwa Kiswahili, na mama akamwambia hebu rudia.