Mdogo wangu kakamatwa, nitampata wapi?

SWALI: Shangazi, polisi walimchukua mdogo wangu Ijumaa usiku hapa Houston. Simu yake imezimwa. Nitajuaje alipo, na nitamwonaje?
Dada mtu, Texas

JIBU: Pole sana, mwanangu. Usizunguke vituoni. Jela ya kaunti iko chini ya sherifu, kwa hiyo fungua tovuti ya sherifu wa Harris, kaunti ilipo Houston, umtafute kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Jaribu jina kila namna! Wa kwangu nilimkosa siku mbili, nikilia, kumbe jina la baba liliandikwa mbele. Ukimpata, nakili namba yake ya mahabusu, utaulizwa mara nyingi. Soma masharti ya kumtembelea kabla ya kutoka nyumbani, na beba kitambulisho chenye picha.

Mkizungumza kwa simu, msiguse kesi hata kwa Kiswahili, kwani simu za jela hurekodiwa. Hayo mwachie wakili.

Kama si raia na jina halionekani, huenda yuko mikononi mwa idara ya uhamiaji, ICE. Nao wana ukurasa wao wa kutafuta: andaa namba yake ya uhamiaji inayoanza na herufi A, pamoja na nchi aliyozaliwa.